Pikipiki mpya, kilomita 1,000 za kwanza: niibembeleze au niifungue? Mafundi wawili wananichanganya

#1 Ngosha wa Igoma

Habari za jioni wadau. Juzi nimetoa Boxer 150 dukani, mpya kabisa, kiti bado kina nailoni. Siyo ya kijiweni. Ni ya kwendea kazini, na alfajiri kumbebea mke wangu magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba.

Fundi wa hapa Igoma kaniambia kilomita elfu moja za kwanza nisizidi 40, nisipakie mtu, nisipande mlima. Sasa Mwanza hii usipande mlima utaendeshea wapi, ziwani? Fundi wa pili, wa Buzuruga, kanicheka mbele za watu. Anasema ukiibembeleza inazoea uvivu na itakuwa nzito maisha yake yote, nitoke nayo siku hiyohiyo hadi Magu nimeifungua akseli yote. Muuzaji nilipompigia akasema, "Wewe endesha tu kaka, itajizoea."

Nimetembea kilomita 61. Kila nikivuta akseli roho inaniruka. Nani mkweli hapo?

#2 Dagaa Mkavu

Bila picha uzi haujakamilika.

#3 Kijiwe Chetu

Natia nanga hapa. Na mimi ya mkataba inatoka wiki ijayo. Ngoja waje wajuzi.

#4 Spana Kumi na Nne

Mimi ni fundi, mwaka wa kumi na moja huu. Mwenzangu wa Igoma yuko sahihi nusu.

Silinda ya injini mpya haiko laini kama mnavyodhani. Kiwandani inapigwa mikwaruzo makusudi, inapishana kama ukili wa mkeka. Mikwaruzo ile ndiyo inashika oili. Ringi nayo, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni, ni mpya, haijawahi kukutana na silinda yake. Zikianza kazi, vile vincha vya juu vinasagana mpaka ringi ikae vizuri pande zote. Ndiko tunakoita injini kufunguka. Kusagana huko kunaleta joto na unga wa chuma. Ukiivuta sana mapema, pistoni ambayo ni aluminiamu inatanuka kuliko silinda ya chuma, nafasi inakwisha, inaanza kukwaruza. Ikizidi inashika, pikipiki inalala na tairi la nyuma limefunga. Nimezifungua za hivyo, pistoni ina michirizi kama imekwanguliwa kwa panga.

Kitabu cha Boxer kina jedwali, lisome. Changu kilisema usizidi 45 mpaka kilomita 1,000, halafu usizidi 55 mpaka 2,000. Kila gia ina kiwango chake.

Kwa nini nusu? Kwa sababu mlima hauna kosa. Kosa ni kupanda mlima na gia ya nne, injini inakoroma kama mzee aliyelala chali. Shusha gia, izunguke kwa wepesi, utapanda hadi Bugando bila tatizo.

#5 Mwalimu wa Zamu

Nampinga #4 kwa heshima zote. Nafundisha fizikia, siyo fundi, ila sikilizeni.

Watu wanafikiri ringi inabana silinda kwa nguvu yake yenyewe, kama springi. Nguvu hiyo ni ndogo sana. Kinachoibana hasa ni gesi ya mlipuko: inaingia nyuma ya ringi, kwenye ule mfereji wa pistoni, inaisukuma nje. Ukiendesha kinyonge mlipuko unakuwa mdogo, msukumo mdogo, ringi haisagiki inavyotakiwa. Oili inabaki kwenye mikwaruzo, inaungua, inafanya utando mgumu unaong'aa kama kioo. Ukishafika hapo ringi haina pa kushika tena. Miezi sita mbele utakuwa unaongeza oili kila wiki na kumlaumu Mhindi aliyeitengeneza.

Kuna Mmarekani mmoja alipata umaarufu mtandaoni kwa hoja hiyo. Alisema maili 20 za kwanza, kama kilomita 32, ndizo zinazoamua kila kitu, baada ya hapo mikwaruzo imekwisha kulika. Mleta uzi ana 61. Kwa hesabu ya yule bwana, gari la Magu limeshamwacha stendi.

#6 Dagaa Mkavu

Pole Ngosha. Injini yako imefeli mtihani kabla hujajua kama kuna mtihani.

#7 Ngosha wa Igoma

Mwalimu usinitishe. Kwa hiyo nimeshaharibu?

#8 Spana Kumi na Nne

Hujaharibu chochote. Mwalimu, huyo Mmarekani wako nilishamsoma. Hakusema uvute mfululizo. Alisema kwanza injini ipate moto vizuri, halafu uvute, uachie, uvute, uachie, ili ukiachia silinda ipate oili ya kusafisha ule unga. Na alikuwa anazungumzia sana pikipiki za mashindano. Hii yetu inapozwa na upepo tu. Sasa nieleze, saa saba mchana kwenye foleni ya Mabatini, jua la utosi, upepo unautoa wapi?

#9 Afisa Mifugo

Naomba niseme ya kwangu, maana nadhani mimi tu hapa nimeshuhudia zote mbili kwa macho.

Kazini tulipewa pikipiki mbili siku moja, aina moja, rangi moja, namba za usajili zimefuatana. Moja yangu, moja ya kaka mmoja tunafanya naye kazi. Mimi niliisoma ile karatasi yote. Kilomita elfu nzima sikuzidi 45, bodaboda wananipita wananiita shangazi. Mwenzangu siku ya kwanza aliondoka Misungwi hadi Shinyanga mjini kwenye semina, na alifika kabla ya basi.

Leo zote zina zaidi ya kilomita 30,000. Ya kwake inavuta vizuri, injini haijawahi kufunguliwa na fundi. Yangu inatoa moshi wa bluu asubuhi na inakula oili.

#10 Mwalimu wa Zamu

Sina la kuongeza. Asante Afisa.

#11 Spana Kumi na Nne

Subiri Mwalimu, usikusanye daftari bado. Afisa, dada yangu, kwanza njia zako ni za lami au vumbi? Pili, kichujio cha hewa unakisafisha lini? Tatu, oili unamwaga kila kilomita ngapi, na mwenzako je?

#12 Afisa Mifugo

Hapo umenishika. Mimi niko vijijini, kiangazi ni vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kichujio... kuna wakati kilikaa mwaka. Kukifungua tukakuta na manyoya ya kuku ndani, sijui yalifikaje. Oili namwaga ofisi inapotoa fedha. Mwenzangu yuko upande wa lami, na anamwaga kila 1,500 kwa hela yake.

#13 Spana Kumi na Nne

Haya. Vumbi likipita kwenye kichujio ni msasa. Linamaliza ringi bila kuuliza uliilea namna gani. Hiyo kesi yako, dada, haimsaidii Mwalimu wala hainisaidii mimi.

#14 Mzee wa Makongoro

Vijana mnapigana na kivuli. Miaka ya themanini nilikuwa bwana shamba, nimepanda Honda CG125. Ile ilitoka 1976, na Wajapani waliitengeneza makusudi kwa nchi ambako watu wanasahau kumwaga oili. Valvu zake zilisukumwa na fito ndefu za chuma, hazikutumia cheni ya juu kama za kwenu. Wakati ule uchongaji wa vyuma haukuwa kama leo, kwa hiyo injini mpya ilibana kweli, ukizima unasikia kabisa imesimama ghafla. Kuilea kulikuwa lazima. Uingereza mwenye gari jipya alikuwa anabandika karatasi kioo cha nyuma, kwamba gari bado linalainishwa, tafadhali nipite.

Leo mashine za kompyuta ndizo zinazochonga. Silinda inatoka karibu tayari. Mnabishania kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo.

#15 Kijiwe Chetu

Shikamoo mzee. Hiyo karatasi ningebandika mgongoni, "naomba unipite," abiria wote wangehamia kwa jirani.

#16 Mzee wa Makongoro

Marahaba kijana. Abiria wa siku hizi hawasomi.

#17 Mtego wa Igombe

Mimi mvuvi, naona mnaongea mambo tuliyokwisha maliza huku. Mashine mpya ya mtumbwi, Yamaha ya kuchanganya oili na petroli, saa kumi za kwanza unaweka lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli. Zikiisha saa hizo unarudi kwenye moja kwa 50. Na saa ya kwanza hutoki nayo mbali, unazunguka karibu na mwalo, hufungui zaidi ya nusu. Nani atataka imshikie katikati ya ziwa usiku, taa za dagaa zinawaka na mawimbi ya alfajiri yanakuja?

Pikipiki ikikushikia unaisukuma. Mtumbwi unausukumia wapi?

#18 Ngosha wa Igoma

Kwa hiyo na mimi niongeze oili kidogo kwenye tangi la petroli iwe inasaidia kulainisha?

#19 Spana Kumi na Nne

HAPANA.

#20 Mwalimu wa Zamu

Hapana. Kwa mara ya kwanza niko upande wa fundi.

#21 Mtego wa Igombe

Hapana ndugu yangu, nimesema mashine ya kuchanganya. Hiyo haina oili yake chini, inaishi kwa ile ya kwenye petroli. Ya kwako ina oili chini.

#22 Sato wa Kupaka

Hebu niwe mkweli humu, sina wa kunijua. Mimi niliweka. Niliambiwa na mjomba wangu ambaye ni mvuvi kama huyo wa #17. Kifuniko kimoja cha oili kila nikijaza tangi. Wiki ya pili ikawa haiwaki asubuhi, napiga kiki mpaka mguu unatetemeka, jirani ananiangalia kwa dirisha. Fundi akatoa plagi, nyeusi tititi, imelowa, ina kitu kama lami kwenye ncha. Akaninusia. Akaniuliza, "Unapikia nini humu?" Nikasema sijui, labda mafuta ya sheli yalichakachuliwa. Hadi leo anaamini hivyo.

#23 Dagaa Mkavu

Sheli imebeba dhambi za mjomba. Umetisha.

#24 Ngosha wa Igoma

Sawa, siweki. Nimefika 148. Nafanya hivi: ikiwaka nasubiri kama nusu dakika, naondoka pole mpaka ipate moto, halafu sikai kwenye mwendo mmoja. Naenda 30, 45, narudi 35. Watu wa Nyakato wanadhani nimelewa.

#25 Spana Kumi na Nne

Hapo umefanya vizuri. Kitu kimoja ambacho mimi na Mwalimu hatutagombana ni hicho, mwendo mmoja kwa muda mrefu haufai. Na usiwe kama wale wanaoiacha inaunguruma getini dakika kumi kila asubuhi huku wanapiga mswaki. Ikiwa imesimama hakuna msukumo kwenye ringi, kuna masizi tu.

Halafu swali. Ulipoitoa dukani uliangalia kijiti cha oili?

#26 Ngosha wa Igoma

Kijiti gani?

#27 Spana Kumi na Nne

Yesu na Maria. Nenda sasa hivi. Isimamishe wima, siyo kwenye stendi ya pembeni. Fungua kile kifuniko cha plastiki pembeni ya injini, futa kijiti kwa kitambaa safi, rudisha bila kuskurubu, toa. Oili iwe kati ya alama mbili.

#28 Ngosha wa Igoma

Nimerudi. Oili imegusa ncha tu. Ncha kabisa, chini ya alama ya chini.

#29 Spana Kumi na Nne

Ongeza leo, kabla hujaenda popote. Hizi pikipiki zinakuja kwenye maboksi, zinafungwa hapahapa mjini. Kijana aliyelipwa kufunga tano kwa siku anamimina kwa jicho. Watu wanabishana siku tatu kuhusu spidi, kumbe injini inaogelea kwenye kijiko.

#30 Mzee wa Makongoro

Nilisema mnapigana na kivuli.

#31 Karanga za Moto

Nimechelewa kufika. Kwa oili, weka sintetiki mapema, inalinda zaidi.

#32 Kijiwe Chetu

Mimi niliambiwa sintetiki inateleza mno, ringi hazisagiki, usiweke kabla ya 2,000.

#33 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya kuteleza mno nimeisikia kila mahali, lakini Porsche na Corvette zinatoka kiwandani zikiwa na sintetiki ndani, na ringi zao zinakaa. Sisemi umwekee Boxer. Nasema sababu hiyo haisimami.

#34 Spana Kumi na Nne

Ya kawaida ya 20W-50 inatosha, na utaimwaga mapema, kwa nini umwage hela? Ila angalieni nyuma ya chupa kuna maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili hiyohiyo ya injini. Kuna oili za magari zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano, ukiweka kwenye pikipiki klachi inateleza. Injini inalia, mwendo hauongezeki, unadhani imekufa ringi.

#35 Karanga za Moto

Halafu hakuna aliyetaja mwinuko. Hivi vitabu vinaandikiwa watu wa pwani. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo injini haipati mzigo sawa. Huku inabidi uiendeshe zaidi ili ifunguke.

#36 Mwalimu wa Zamu

Mwinuko ni sahihi, hitimisho nina wasiwasi nalo. Kwa hewa ya hapa unapoteza nguvu kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar. Mlima mmoja wa Igogo unarudisha mzigo wote huo na chenji juu.

#37 Karanga za Moto

Mimi nimetoa hoja tu.

#38 Kijiwe Chetu

Sasa niwaambie kitu, maana mnaongea kama kila mtu kanunua kwa hela yake.

Mimi ya mkataba. Siku bosi akinikabidhi funguo, hesabu inaanza siku hiyo. Elfu kumi jioni, iwe imefunguka, iwe imebana. Abiria wa kwanza ni mama wa kilo tisini na ndoo mbili za sangara anaenda Kilimahewa juu, kule kwenye mawe. Nimwambie mama shuka, ringi zangu bado changa? Nimwambie bosi leo nimeleta elfu nne kwa sababu kitabu kinasema 45?

Pikipiki za kijiweni kwetu zote zililelewa kwa mishikaki, abiria zaidi ya mmoja. Nyingine zina miaka minne. Nyingine zilikufa zikiwa na miezi minane. Hatujui tofauti ni nini, na hakuna aliyeandika popote.

#39 Spana Kumi na Nne

Hapo sina jibu ndugu yangu. Angalau oili ya kwanza imwage mapema, usisubiri bosi. Kitabu kinataka servisi ya kwanza kati ya 500 na 750. Kwa mzigo wako mimi ningemwaga kwenye 300 kisha tena 700.

#40 Kijiwe Chetu

Oili ya 300 nitaitoa kwenye chakula changu, basi. Wabeja, asante.

#41 Afisa Mifugo

Nikuongezee la bure. Siku za kwanza usiogope injini, ogopa matairi. Mapya yana utelezi kutoka kiwandani mpaka yakwaruzike kidogo. Mimi nililala chini Nyegezi, mvua ndiyo kwanza imeanza, nakata kona pole kabisa na hizo 45 zangu. Injini haikupata hata mchubuko. Mimi nilipata.

#42 Sato wa Kupaka

Pole dada. Na breki mpya pia hazishiki vizuri siku za mwanzo, zinahitaji kuzoeana.

#43 Mtego wa Igombe

Ngosha, ukitaka barabara nzuri ya kuilea, chukua njia ya Usagara, pita daraja la Kigongo mpaka Sengerema, rudi. Ina vilima, ina tambarare, hakuna foleni.

#44 Mzee wa Makongoro

Zamani pale tulipanda kivuko. Injini ilipumzika upende usipende, na foleni ya kivuko ikiwa ndefu ilipoa kabisa mpaka ukahitaji choki. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 kilomita tatu zile mnazipita hata hamjamaliza sentensi. Sijui kama ni faida kwa ringi.

#45 Dagaa Mkavu

Mzee ameanzisha nadharia ya nne. Kulea injini kwa kivuko.

#46 Ngosha wa Igoma

Wadau, kuna jambo limetokea na sijui nicheke au nilie.

Jumamosi jioni niliegesha ikiwa na 212. Naandika kwenye kidaftari kila siku, mke wangu ananicheka. Jumapili tumerudi ibada, nataka kwenda Mwaloni kuulizia bei, naangalia dashibodi: 331. Nikafuta kioo kwa kidole nikidhani ni uchafu. 331.

Nikamwita mdogo wangu. Kwanza hajui. Halafu labda jirani. Mwisho kasema alienda Magu usiku kwa mchumba wake, akarudi alfajiri. Nikamuuliza uliendaje? "Kaka, nilikuwa nawahi, niliivuta." Nikauliza ulikuwa peke yako? Kimya. Kumbe na rafiki yake, na gunia la mchele walilopewa huko.

Kilomita 119 usiku mmoja. Mimi wiki nzima nimeenda kama nimebeba mayai.

#47 Mwalimu wa Zamu

Mpe mdogo wako salamu zangu. Hewa ya usiku ni ya baridi, barabara tupu, mzigo wa kutosha, anavuta na kuachia kwenye makona. Hiyo ndiyo namna yenyewe.

#48 Spana Kumi na Nne

Salamu zangu mpe kibao kimoja. Imesalimika kwa sababu tulikwisha ongeza oili. Angeenda na ile ya kwenye ncha ya kijiti tungekuwa tunaandika mambo mengine hapa.

#49 Dagaa Mkavu

Tunaomba jina la mdogo mtu, tumpe uenyekiti wa uzi.

#50 Kijiwe Chetu

Na sasa inaendaje? Maana ndiyo swali.

#51 Ngosha wa Igoma

Ndiyo kinachoniuma. Inaenda vizuri kuliko Jumamosi. Gia ya pili ilikuwa inagonga, sasa inaingia kimya. Ikisimama inanguruma sawasawa, haitetemi. Sijamwambia dogo.

#52 Afisa Mifugo

Usimwambie kabisa.

#53 Mwalimu wa Zamu

Aliyekwenda Magu kaifungua. Ni wazi.

#54 Spana Kumi na Nne

Au oili uliyoongeza ndiyo imelainisha gia. Au ilikuwa inafunguka hata hivyo, kilomita 300 siyo kidogo. Mwalimu, wewe unafundisha fizikia, umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo halafu unachagua unachokipenda?

#55 Mwalimu wa Zamu

Kubali tu fundi.

#56 Spana Kumi na Nne

Sikubali. Tukutane kwenye 30,000.

#57 Mtego wa Igombe

Kwenye 30,000 dogo atakuwa na watoto wawili Magu.

#58 Ngosha wa Igoma

Mrejesho. Leo nimemwaga oili ya kwanza kwa Spana mwenyewe, tumeonana, kumbe gereji yake naipita kila siku. Kilomita 520. Oili imetoka imefifia rangi, siyo nyeusi sana. Akaigeuzageuza kwenye karai juani, ndani kuna vitu vinameta, vidogo kama magamba ya dagaa. Nikaogopa. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa kutoka, kibaya ni vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha. Akavitafuta kwa sumaku ya spika ya zamani, hakupata. Oili chafu kaichukua jirani yake seremala, anapaka mbao zisiliwe na mchwa.

Nimemuuliza tena, hivi ile safari ya Magu imesaidia au imedhuru? Akanyamaza, akawa anafuta mikono. Akasema, "Ya oili ni elfu kumi na nane, ya ushauri utanipa soda."

#59 Dagaa Mkavu

Picha ya pikipiki bado hatujaiona.

#60 Karanga za Moto

Samahani kuingilia uzi, kuna mtu anauza mtumba ina kilomita 4,000 tu, ila matairi yamekwisha na sehemu za kukanyagia zimelika. Inawezekana?

#61 Spana Kumi na Nne

Fungua uzi wako.